Mafuta ya Kwenda Tu

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Umenifungia simu tangu Januari kwa sababu ya swali moja tu, basi nakuandikia karatasi. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, lakini najua hutaichana kabla ya kuisoma, maana umbea unaupenda kama mimi.

Kaa chini kwanza. Beseni inarudi.

Ndiyo, ile ile. Katuni yetu ya Kijapani, ya yule babu dobi aliyeunda ndege kwa beseni la kufulia na mashuka, anazunguka nyumba za milimani kukusanya nguo chafu, anazifua ndani ya mawingu ya mvua na kuzikausha kwa kuruka chini chini juani. Kituo chetu kimeinunua. Kazi ya kuandika maneno ya Kiswahili na kusimamia waigizaji wa sauti wamenipa mimi, Kasuku wako. Nilipoifungua na kuona mashati yanajaa upepo moja baada ya jingine na Beseni inanyanyuka kutoka ziwani na mapovu yake, nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuniangalia.

Sasa tatizo. Nilikuwa na tafsiri rasmi mezani, kurasa tisini, na sikuigusa. Niiguse ya nini? Tuliitazama kila Jumapili mchana kwa miaka mitatu, Baba akitutafsiria kile Kijapani alichojifunza kazini. Nikakaa siku nne nikaandika filamu nzima kutoka kichwani. Msimamizi wangu alipolinganisha, akaniita ofisini akaniuliza kama nina homa. Dada, hakuna Babu Povu, yule mzee hana jina kabisa. Yule mama wa kwenye mnara si mchumba wake, ni mtu wa posta. Na ule wimbo wa sabuni tuliouimba mpaka Mama akatutoa nje? Ni taarifa ya hali ya hewa! Baba hakujua hata neno moja la Kijapani. Alikuwa anatunga tu pale kwenye kiti chake. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mengi nimeyasahihisha. Limebaki moja. Mwishoni, lile wingu la wino linapochafua vijiji vyote, babu anapanda Beseni kwenda kulifua wingu lenyewe, na mjukuu wake amesimama juu ya paa na kopo la vibanio vya nguo. Unakumbuka? Hapo Baba alikuwa anainuka kurekebisha antena, mgongo kwetu, huku anasema kwa sauti ya babu: "Nitarudi nguo zikikauka. Nitunzie vibanio."

Tafsiri rasmi inasema hivi: "Mafuta ni ya kwenda tu. Usinisubiri kwenye paa, kuna baridi. Ingia ndani ule."

Siwezi kuandika hivyo, Dada. Nitawaambiaje watoto maneno kama hayo? Mkataba unaruhusu kubadili maneno mradi yasipingane na picha, na msimamizi amekubali kuacha maneno ya Baba iwapo fundi wa ndege mwenye leseni atathibitisha kwa saini kwamba hayapingani. Fundi mwenye leseni ninayemjua ni mmoja, ana hasira, na ni dada yangu. Nimeambatisha fomu, maandishi yote na diski. Sehemu ya mwisho tunairekodi tarehe 25.

Saini tu. Nimeona, nimeshika, nafunga, kama mnavyotamka huko kwenu kabla ya kufunika injini.

Mdogo wako,
Kasuku


9 Machi

Kasuku,

Marahaba. Simu itabaki imefungwa.

Tuanze na kazi. Ukurasa wa 12: ile si "feni ya mbele", ni rafadha. Ukurasa wa 30: ndege haipigi breki hewani, nani kakudanganya? Andika anapunguza mwendo. Ukurasa wa 55: nati haipigiliwi kwa nyundo. Inakazwa, kwa spana. Ungekuwa mwanafunzi wangu ungefagia karakana mwezi mzima.

Fomu nairudisha bila saini.

Weka diski uende dakika ya tisini na nne, usimamishe picha. Kushoto kwa goti la babu kuna kipimo cha mafuta. Anakigonga mara mbili kwa kidole, kama tufanyavyo sote tusiokiamini. Sindano iko kwenye robo. Sasa rudi mwanzoni. Safari ya kwanza anakwenda mlima ule ule, anaondoka tangi limejaa, anarudi limebaki nusu. Kwenda na kurudi ni nusu tangi. Robo ni kwenda tu. Huhitaji Kijapani kulijua hilo.

Aliyechora filamu ile alikuwa anajua ndege, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Beseni la kufulia haliruki, hata mtoto anajua. Lakini kila kitu alichokizungushia kiko sawasawa. Waya za mabawa zimekazwa pale zinapopaswa kukazwa. Chini ya injini amechora doa la oili, dogo, mahali pale pale ambapo mimi ningeweka kitambaa. Babu akitua anazunguka ndege yake nzima anaipapasa kabla ya kwenda kunywa chai. Ukishaona hayo yote ni kweli, unaliamini na beseni. Niliingia kazi hii kwa sababu ya lile doa la oili. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nimejua habari ya sindano tangu nina miaka kumi na tisa. Bweni la mafunzo lilikuwa na televisheni iliyokufa spika. Jumamosi moja mchana wakaweka Beseni, nikaitazama kwa mara ya kwanza bila sauti ya Baba. Ilipofika dakika ile nilitoka nje mbio, wenzangu wakadhani ni maharage.

Sasa fikiri, wewe unayelipwa kufikiri. Baba alikuwa fundi wa ndege. Fundi hawezi kupita mbele ya kipimo asikisome. Alikiona. Na mkanda wa video hauhitaji antena, mjinga wewe! Alikuwa anainuka kutuzibia kipimo kwa mgongo wake.

Siku aliyoondoka ulikuwa na miaka saba na ulikuwa umelala usingizi wa mchana. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Nilimfuata mpaka mlangoni, ana begi mkononi na viatu vya Jumapili. Nikamuuliza unarudi lini. Akaniambia, "Nguo zikikauka." Akanichezea sikio, akaenda.

Mama alikuwa akiwatambia majirani kwamba bintiye anapenda kufua, hasukumwi. Sikupenda kufua. Nilikuwa nafua ili zikauke. Siku za mawingu nilisimama chini ya kamba nikazipepea kwa jalada la daftari mpaka mkono ukafa ganzi. Mvua ikinyesha nililia kwa hasira, na nyinyi mkanicheka eti naogopa radi. Kopo la vibanio nililala nalo. Mwaka mmoja na nusu, Kasuku. Hakuna mtu aliyeniambia usisubiri, ingia ndani ule.

Sasa unataka saini yangu, hii hii ninayoiweka kwenye ndege zinazobeba watu na watoto wao, niiweke chini ya uongo ule. Thubutu. Andika kilichoandikwa.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Leo shikamoo nimeisahau, na nimeisahau makusudi.

Miaka ishirini umekaa na jambo hili! Ulikuja kwangu tulipofiwa na Mama, tukaiimba taarifa ya hali ya hewa pamoja jikoni kama wajinga wawili, na wewe ulikuwa unajua. Ulinitazama nikisema Beseni ndiyo kitu kizuri kuliko vyote alichotuachia, wewe ukaendelea kukatakata vitunguu. Unamwita Baba mwongo. Wewe je?

Unasema nilikuwa nimelala. Kweli nililala, na nilipoamka nikakuta nyumba ina watu watatu. Hakuna aliyenieleza kitu. Mama alikuwa hasemi, wewe ulikuwa unafua. Nilichokuwa nacho ni ile sauti. Nikawa najifunika shuka naiga sauti zote, babu, mjukuu, mama wa mnara, mpaka nikazipata barabara. Hilo jina la Kasuku ulinipa wewe kwa dharau, na leo ndilo linaloniweka mjini. Kwako maneno yale yalikuwa ahadi. Kwangu yalikuwa Baba mzima mzima. Huwezi kunipokonya kwa sababu ya sindano moja kwenye katuni.

Na kwa kuwa tumeamua kuambiana ukweli, chukua na huu. Januari nilikuuliza, ukionyeshwa alipo Baba utakwenda? Ukanikatia simu. Hukuuliza kwa nini nimeuliza. Nilikuwa nimeshampata. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, anatengeneza redio na pasi za watu, masikio yamepungua lakini sauti iko vile vile. Nilikuwa nimewasikiliza waigizaji kumi na wanne kwa ajili ya yule babu na wote walisikika kama watu wanaouza dawa ya mbu. Nikamleta studio. Wiki tatu sasa anarekodi. Sauti ya babu ni yake, filamu nzima, imebaki sehemu ya mwisho.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Huyo ni baba yangu pia.

Kasuku


17 Machi

Kasuku,

Umemtoa mtu aliyetutupa ukamweka mbele ya kipaza sauti aingie kwenye nyumba ya kila mtu mwenye televisheni, hata hapa tunapokunywa chai mimi na mafundi wenzangu. Na ukaniomba mimi nisaini ili aurudie uongo wake, safari hii kwa watoto wa nchi nzima. Ulikuwa unajua unachonifanyia. Ndiyo maana barua yako ya kwanza ilijaa vichekesho.

Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na kitu kizuri na mimi sikuwa nacho. Nilikuachia. Kama hiyo ni dhambi, niandikie.

Sikia sharti langu. Nitasaini kwamba maneno yanalingana na picha iwapo mambo mawili yatafanyika. Moja, maneno yawe yale ya kweli: mafuta ni ya kwenda tu. Mbili, ayaseme yeye. Kwa mdomo wake. Usinifanyie ukasuku wako ukaiga sauti yake ukadhani sitajua, nitajua, mimi nimesikiliza injini maisha yangu yote.

Akishindwa, mwajirini muuza dawa ya mbu.

Dada


26 Machi

Kwa binti yangu,

Mdogo wako amenipa anwani yako na akanipa na barua yako ya tarehe 9. Alifanya vibaya kunipa, nimemwambia hivyo, lakini nimeisoma, mara nyingi.

Sijui kuandika barua nzuri. Nimezoea kuandika kwenye kadi ya kazi: tatizo, sababu, kilichofanyika. Nitaandika hivyo hivyo.

Mara ya kwanza kuitazama filamu ile, mdogo wako alianza kulia mzee alipopanda ndege. Nikasema hayo maneno ili anyamaze. Akanyamaza. Jumapili iliyofuata nikayarudia. Kipimo nilikiona tangu siku ya kwanza, na niliogopa macho yako kuliko ya mtu yeyote mle ndani, maana ulikuwa na miaka minane na ulikuwa unaniuliza doa la oili linatoka wapi. Nikawa nainuka. Ni kweli mkanda hauhitaji antena.

Siku niliyoondoka nilikuwa na nyumba nyingine. Mama yako alijua, alinitaka niwaambie nyinyi wawili kabla sijatoka, na nikamwahidi. Ulipofika mlangoni ukaniuliza, maneno yale yalikuwa karibu mdomoni, nikayatumia. Ilikuwa rahisi. Huko nilikokwenda nako sikudumu, lakini hilo si lako kulibeba.

Habari ya kupepea nguo sikuwa naijua.

Jana studio nilishindwa mara tatu. Karatasi iko mbele yangu, taa nyekundu inawaka, ulimi unakwenda wenyewe: nitarudi nguo zikikauka. Msimamizi akadhani sioni vizuri, akaniletea maandishi makubwa. Mdogo wako akafoka, akasema Baba, soma kilichoandikwa, dada anasubiri. Nikamfokea na mimi kwamba kama ni rahisi hivyo aseme yeye. Tukagombana mbele ya watu, mimi na mwanangu, tukiwa tumefungiwa kile chumba cha kurekodia chenye godoro ukutani. Akatoka akaubamiza mlango.

Nikabaki mwenyewe na mtu wa mitambo nyuma ya kioo. Nikazima ile picha ya filamu mbele yangu. Nikakufikiria wewe chini ya kamba na jalada la daftari. Nikasema. Nilisema mara moja tu na sikutaka kurudia. Wamesema imefaa.

Kama utanitukana, nitumie kwa anwani iliyo kwenye bahasha. Mwenye duka ataniletea.

Baba yako


12 Aprili

Kwa fundi mstaafu, nyuma ya duka la vifaa vya umeme,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri, usiihesabu kwenye ubaba.

Barua yako niliiacha siku kumi na mbili kwenye kabati la spana kwa sababu sikutaka iingie nyumbani kwangu. Nilipanga kukuandikia kurasa kumi. Nilikuwa na maneno tayari, mengine nimeyatunza tangu sekondari. Mama alikufa bila kukusema vibaya hata siku moja na mimi nilimchukia kwa hilo, nikidhani anakulinda, kumbe alikuwa anasubiri utimize ulichomwahidi. Hilo nalo umeniongezea. Nina hasira na wewe kuliko nilivyokuwa kabla ya kukusoma, ujue hivyo.

Jana Jumapili mchana nilikuwa zamu. Beseni ilikuja saa tisa. Tulikuwa sita kwenye chumba cha chai cha karakana, watu wazima wenye grisi mpaka viwikoni, na hakuna aliyerudi kazini. Nilidhani watacheka. Fundi wetu mkubwa, mtu mwenye shingo kama gurudumu, alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo, akawa anatuambia tazameni waya zile, tazameni alivyoshika usukani, huyu mchoraji amewahi kuchafuka mikono. Beseni iliponyanyuka ziwani na mapovu yake, mafundi watano walisema "Eeeh" kwa pamoja. Injini tunazozigusa kila siku zinabeba watu mia mbili na hatujawahi kusema eeeh. Nikaelewa kwa nini mdogo wangu alipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Hata mimi ningepiga, kama isingekuwa sauti yako.

Nilikuwa nimejiapiza nitatoka dakika ya tisini. Sikutoka.

Babu alipogonga kipimo mara mbili, fundi mkubwa alisema kwa sauti ya chini, "Robo. Huyu harudi." Wote walikuwa wameshaona. Mafundi sita, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Halafu ukasema wewe. Hukuigiza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama mlangoni na begi. Mafuta ni ya kwenda tu. Usinisubiri kwenye paa, kuna baridi. Ingia ndani ule.

Unajua ningelala vizuri kiasi gani? Ungesema hivyo hivyo, siku ile ile, na viatu vyako vya Jumapili, ningelia wiki nzima nikakuchukia, halafu ningeingia ndani nikala. Sikuhitaji urudi. Watoto wengi baba zao hawarudi na wanakua. Nilihitaji uniambie, basi. Sentensi tatu. Umechukua miaka ishirini na nane kuzisema, na ulizisema kwa nchi nzima kabla hujaniambia mimi.

Watu walipotawanyika niligundua sijala tangu asubuhi. Nikafungua chakula changu nikala chote pale pale, nimesimama. Kilikuwa kimepoa.

Mwambie Kasuku nimemfungulia simu, na asipige kabla ya kesho maana bado nina maneno makali ya kumpa. Fomu yake nimeisaini na kuituma kituoni, ingawa imechelewa: maneno yanalingana na picha.

Kadi yako ya kazi pia nimeisoma, tatizo, sababu, kilichofanyika. Ni wewe uliyetufundisha jikoni kwetu, kwa kifuniko cha sufuria, kwamba fundi hafuniki kitu mpaka atamke mambo matatu. Wanafunzi wangu wote wanayatamka na hakuna anayejua yalikotoka. Kwa hiyo nakujibu kwa hayo.

Nimeona. Nimeshika. Sijafunga.

Binti yako